Gertrude Caton-Thompson na Swali la "Tunajuaje?"

Nani alijenga kuta za mawe za Zimbabwe Kuu? Walowezi wa Rhodesia walikuwa na jibu mkononi: Wafoinike, au watu wa Malkia wa Sheba, ilimradi asiwe Mwafrika. Richard Hall, aliyechimba pale kuanzia 1902, alitupa tabaka nzima za udongo zenye mabaki ya Waafrika, akiyaona ni uchafu tu.

Mwaka 1929 akafika Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia Mwingereza, na wenzake wawili, wote wanawake. Mmoja alikuwa Kathleen Kenyon, ambaye baadaye alichimba Yeriko.

Mbinu yake hata mtoto wa kidato cha kwanza anaielewa. Kitu kilichozibwa chini ya ukuta hakiwezi kuwa kimefika baada ya ukuta kujengwa. Basi akachimba hadi chini ya misingi. Akakuta vigae vya vyungu vya kienyeji na shanga za biashara za enzi za kati. Sheba anaingilia wapi hapo? Akatangaza: wajenzi ni Waafrika. Walowezi walichukia, na ubishi wao uliendelea kwa miaka mingi. Lakini ushahidi haukubomoka, na mwaka 1980 nchi huru ikachukua jina la kuta zile.

Sisi tunaosomea ualimu tumezoea kuuliza darasani "nani" na "lini". Mimi nasema tuongeze "tunajuaje?" Mwanafunzi asiyeuliza hivyo atameza hata historia inayomfuta yeye mwenyewe.