Kuhama Mji ni Uamuzi wa Wawili



Somo letu la leo lahusu jambo linalozungumzwa katika nyumba nyingi za pwani. Kodi inapanda, karo haingoji, na joto halimwachi mtu alale. Bwana anarudi kazini jioni, anaketi, anasema: "Mama watoto, kule bara maisha ni nafuu. Tutahamia Eldoret." Je, maneno hayo ni swali au ni amri? Hapo ndipo penye somo letu. Nyumba nyingi hazivunjwi na kuhama. Huvunjwa na namna uamuzi wa kuhama ulivyofanywa.

Kwa nini watu wanahama

Mombasa ni mji unaokua upesi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 939,370, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu watu 1,208,333. Bandari, hoteli na viwanda huwavuta watu, na kila anayefika anatafuta chumba cha kupanga. Eldoret nayo inakua. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 475,716, na mwezi wa Agosti 2024 ilipewa hadhi ya kuwa jiji. Lakini Eldoret iko katikati ya mashamba ya mahindi na ngano na ng'ombe wa maziwa. Unga, maziwa, viazi na kabeji havisafiri mbali kufika sokoni. Kodi hutofautiana mtaa kwa mtaa, ila mwenye mshahara mdogo aweza kupata nyumba yenye nafasi kuliko ile aliyoiacha.

Kwa hiyo kutafuta maisha nafuu si dhambi wala si uvivu. Baba anayefikiria tumbo la watoto wake anafanya wajibu wake. Kosa laweza kuingia mahali pengine, nami nalijua kwa sababu nililifanya.

Nilihesabu kodi tu

Mwaka 2016 tulikuwa tunakaa Changamwe, katika vyumba viwili vya kodi ya shilingi 9,000 kwa mwezi. Ndugu yangu alinipigia simu kwamba kuna kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi huko Eldoret, mshahara sawa na niliokuwa nao, na nyumba kama yetu ni shilingi 5,500. Nikapiga hesabu: nitaokoa shilingi 3,500 kila mwezi. Nikatuma pesa za kodi ya mwezi wa kwanza, kisha nikamwambia mke wangu. Naomba mzingatie mpangilio huo: nilituma pesa kwanza, nikamwambia baadaye.

Mke wangu alikuwa akipika mahamri na mbaazi kila alfajiri, na kuuza mlangoni kwa watu waendao kazini. Akiisha kutoa gharama, alibaki na kama shilingi 400 kwa siku. Kwa siku sita za juma, hizo ni shilingi 9,600 katika majuma manne. Karo ya watoto ilitoka humo. Nilihesabu kodi, sikuhesabu mahamri. Tulipofika Eldoret hakuwa na wateja, hakuwa na mnazi wa jirani, wala hakumjua mtu hata mmoja katika ploti ile. Tuliokoa 3,500 tukapoteza 9,600.

Tena tulihama mwezi wa Julai, katikati ya baridi na katikati ya mwaka wa shule. Juma la pili mtoto wetu mdogo alishikwa na homa ya mapafu. Usiku mmoja, kwa kumwonea huruma, niliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Mke wangu aliamka kichwa kikimuuma vibaya, akatapika, akatuvuta sote nje kibarazani. Tulipona kwa neema ya Mungu. Pale nje, tumejifunika blanketi moja, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, mimi uliniuliza lini?" Sikuwa na jibu. Hakuwa ameniuliza habari ya jiko.

Neno la Mungu latufundisha nini

Wako wanaume wanaosema: "Yusufu alipohamia Misri hakumuuliza Maria." Tusome vizuri sura ya pili ya Injili ya Matayo. Yusufu aliondoka usiku kwa sababu Herode alitaka kumwua Mtoto, naye aliambiwa na malaika. Upanga ukiwa mlangoni, beba watoto ukimbie. Lakini wewe unayekimbia kodi unao muda wa kuketi na kuzungumza.

Kisha tusome sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Mungu alipotaka Mwanawe azaliwe, alimtuma malaika kwa Maria. Maria akauliza swali, na swali lake likajibiwa. Ndipo akakubali kwa kinywa chake mwenyewe. Ikiwa Mungu Mwenyezi alingoja jibu la mwanamke, wewe mume ni nani hata ushindwe kungoja jibu la mke wako? Vilevile Ruthu alimfuata Naomi katika nchi asiyoijua, lakini alichagua mwenyewe. Hakuvutwa kwa mkono.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba ndoa ni ushirika wa maisha na wa upendo. Neno ushirika halina bosi na karani. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa yao.

Basi mke naye asome somo hili. Wako wake wanaokataa kila pendekezo bila kulisikiliza, au wanaomwagiza mume ahame kwa sababu jirani kahama. Kuulizwa kuna wajibu wake: kusikiliza mpaka mwisho, na kusema ukweli wa moyo badala ya kunyamaza leo ili ulalamike mwakani.

Mambo ya kuzungumza kabla ya kufunga mizigo

Chukueni karatasi na kalamu. Kaeni jioni watoto wakiisha kulala, mwombe, kisha mpitie haya moja moja.

1. Hesabu nzima. Andikeni mapato ya wote wawili, hata yale madogo ya mlangoni. Andikeni gharama mpya: lori la kuhamia, blanketi, sweta, viatu na soksi za kila mtoto, na moto wa kuchemsha maji ya kuoga. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Maji huko huchemka kwenye digrii 93 hivi, si 100 kama Mombasa, na kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva na makaa au gesi huisha haraka. Kumbukeni pia kwamba kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kama kilomita 800. Kila msiba na kila harusi ya nyumbani itakuwa na nauli yake.

2. Kazi ya kila mmoja. Usiseme, "Mke wangu atapata cha kufanya." Atapata nini, wapi, kwa mtaji upi? Ikiwezekana, mwende wote wawili kuuona mji kabla ya kuamua. Nauli ya siku mbili ni ndogo kuliko gharama ya kujuta.

3. Wakati wa kuhama. Mwezi wa Desemba wafaa zaidi. Shule zimefungwa, watoto wataanza Januari pamoja na wenzao, na jua huwa limetoka huko juu, ingawa usiku bado ni baridi. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mibaya kwa mgeni. Usiku waweza kushuka hadi digrii 10, na mtoto wa Mombasa hajawahi kuiona baridi ya namna hiyo.

4. Afya. Msilale kamwe na jiko la makaa ndani, hata kama makaa yameonekana kuzimika. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, nayo huua. Otea moto nje au mlango ukiwa wazi, kisha jiko libaki nje. Mtoto akipumua kwa haraka au kifua kikibonyea anapopumua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Tena mkirudi pwani kwa likizo, laleni ndani ya chandarua, kwa maana mtu aliyekaa miaka bila kuumwa malaria hupungukiwa na kinga aliyokuwa nayo.

5. Mali. Kama mna ploti au nyumba, isiuzwe kwa siri. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Na mkinunua shamba huko mnakokwenda, kaguzeni kwanza rekodi zake katika ofisi ya ardhi, na majina ya wote wawili yaandikwe.

6. Hofu. Wengine wanakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi, mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ambayo yaliumiza watu wengi Eldoret na viunga vyake. Mwenzako akiuliza, "Tutakuwa salama kati ya watu tusiojua lugha yao?" usimcheke. Ulizeni watu wanaoishi huko sasa, mpate jibu mtakaloliamini wote wawili.

7. Imani. Bebeni vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa, na barua ya Paroko wenu. Jumapili ya kwanza, jitambulisheni parokiani na mwulize jumuiya ndogo ndogo iliyo karibu. Sisi tulikawia miezi minne kwa aibu ya ugeni, na ile ndiyo miezi mke wangu aliyolia zaidi. Mwanamke wa kwanza kumwita kwa jina lake Eldoret alikuwa wa jumuiya.

Mwenzako asipokubali

Usimlazimishe, na usimnunie. Mwulize anaogopa kupoteza nini. Mara nyingi utasikia jambo ambalo hukulifikiria: mama yake mzee, wateja wake, kaburi la mtoto. Hilo nalo litiwe katika hesabu. Mkishindwa, mwendeeni Paroko au wasimamizi wenu wa ndoa.

Wako wanaotatua jambo hili kwa kugawanyika: mke na watoto wanapelekwa bara, bwana anabaki Mombasa "kwa muda." Jihadharini. Kanuni ya 1151 ya Sheria ya Kanisa yatufundisha kwamba mume na mke wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kama kuna sababu halali. Kutafuta kazi kwa miezi michache yaweza kuwa sababu. Lakini wekeni tarehe ya mwisho na muiandike. "Kwa muda" usio na tarehe umezaa nyumba mbili, na wakati mwingine wake wawili.

Na kama mmekwisha kuhama kwa makosa, kama mimi? Basi ulizeni swali ambalo hamkuuliza, hata kama limechelewa. Nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto, kwa kuwa walikuwa wameona kosa. Kisha tukapatana: tutakaa mpaka Krismasi ya mwaka 2017, na siku hiyo ataamua yeye, nami nitafuata. Nilianza kuweka akiba ya nauli ya kurudi, ili ajue sisemi maneno matupu. Krismasi ilipofika alikuwa amepata kazi ya kupikia mafundi waliokuwa wakijenga karibu na kwetu, na watoto wamezoea shule. Akasema tukae. Mpaka leo tuko Eldoret. Bado haupendi mwezi wa Julai, na mahamri hupika Jumapili tu, lakini hapa ni kwake kwa sababu alipachagua.

Maswali ya kujadili mume na mke

1. Katika maamuzi makubwa matatu ya mwisho nyumbani mwetu, ni mangapi tuliyafanya pamoja?
2. Je, najua mwenzangu huingiza na kutumia kiasi gani kwa mwezi?
3. Tukihama kesho, mwenzangu atapoteza nini ambacho mimi sitapoteza?
4. Je, kuna jambo lililoamuliwa zamani ambalo mmoja wetu bado analibeba moyoni?

Sala

Ee Mungu, uliyetembea na Familia Takatifu katika safari zao zote, utupe sikio la kusikilizana kabla ya kuamua. Tukae au tuhame, tuwe pamoja, nawe uwe kati yetu. Ee Yusufu Mtakatifu, mlinzi wa familia, utuombee. Amina.