Shimo Katikati ya Mshumaa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo vitabu vya fizikia hulitaja kwa mstari mmoja tu, kisha huliacha. Ni jambo la nta inapoganda. Mtu anayetengeneza mishumaa nyumbani, hapa Bujumbura au penginepo, huimimina nta ikajaa kopo sawasawa, uso wake umetulia kama maji ya ziwa asubuhi. Baada ya saa mbili tatu hurudi akaona uso ule umezama, na kando ya utambi pana shimo la kuingia kidole. Wengi husema nta ni mbaya, au muuzaji ameichanganya na mafuta. Nta haina kosa. Imefanya vile vile ilivyopaswa kufanya.

Labda mtu atauliza, uso wa mshumaa una kazi gani, maana ukiwashwa huyeyuka mara moja? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kuendelea. Shimo lile tunaloliona juu mara nyingi ni mlango tu; chini yake pana pango refu linalofuata utambi. Moto ukifika penye pango, nta iliyoyeyuka humwagika humo ndani, utambi hubaki mkavu, mwali huruka juu na kutoa moshi mweusi. Kisha mwali hushuka, huzama katika nta, na kuzimika. Fikirini kijana wa Kamenge au Nyakabiga ambaye umeme umekatika nyumbani kwao, na kesho ana mtihani wa Serikali. Mshumaa aliutegemea kwa saa sita, nao umemwacha gizani baada ya mbili. Mimi huuza mishumaa yangu Buyenzi, na mama mmoja mwenye kioski hununua kwa kuupima kila mmoja mkononi, kisha huugonga kwa ukucha. Ukitoa sauti ya utupu, hunirudishia. Sijapata kumwona akikosea, ingawa hajasoma fizikia hata siku moja.

Sasa tuangalie sababu. Mmefundishwa ya kwamba vitu vikipata joto hutanuka, na vikipoa hunywea. Maji ni mkaidi: yakigeuka barafu hutanuka karibu sehemu moja katika kumi na moja, ndiyo sababu barafu huelea na chupa iliyojaa maji hupasuka katika friji. Nta si kama maji. Ikiganda hunywea sana, kupita vitu vingi tuvijuavyo. Tufanye hesabu. Chukua kopo lenye upana wa sentimita 7 na kimo cha sentimita 10. Ujazo wake ni kama sentimita 385 za ujazo. Lijaze nta ya parafini iliyoyeyuka yenye joto la digrii 80. Ikiisha kuganda na kupoa kabisa, nta ile ile, pasipo kupungua uzito hata kidogo, itachukua nafasi ya sentimita 330 tu, au karibu na hapo. Hizo 55 ni vijiko vinne vya chakula, pungufu kidogo. Zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote, zimegeuka nafasi tupu, na kazi yote ya mtengenezaji ni kuamua nafasi hiyo itakaa wapi. Nta haipitishi joto upesi. Kwa hiyo ile inayogusa bati la kopo hupoa kwanza na kuganda, na ile ya juu inayoguswa na hewa hufuata. Sasa mshumaa una ukuta mgumu pande zote na paa jembamba juu, lakini ndani bado ni maji. Maji yale nayo hayana budi kuganda na kunywea. Ukuta haukubali tena kuvutwa, basi kinachovutwa ni paa, maana ndilo dhaifu. Huzama au hutoboka. Paa likiwa gumu kiasi cha kutovutwa, halizami, bali pango hubaki chini yake limefichika, na huo ndio mshumaa wa hatari zaidi, kwa kuwa ukiutazama ni mzuri.

Mkiisha kuelewa hapo, dawa zote zinajieleza zenyewe.

Ya kwanza ni moto wa kuyeyushia. Usiiweke nta juu ya mbabula moja kwa moja. Tia nta katika sufuria ndogo, na sufuria ndogo uiweke ndani ya kubwa yenye maji. Bujumbura iko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii 97 hivi, wala si 100. Basi nta yako haiwezi kupita hapo, maadamu maji hayajakauka. Parafini ya kawaida huyeyuka kati ya digrii 50 na 65, na nta ya nyuki kati ya 62 na 64. Mvuke wa nta huweza kushika moto ikifika karibu digrii 200, na sufuria iliyosahauliwa juu ya makaa hufika huko upesi. Ikiwaka, ifunike kwa kifuniko. Asije mtu akaimwagia maji, kwa sababu maji hugeuka mvuke ghafula chini ya nta na kuirusha moto chumba kizima.

Ya pili ni joto la kumimina. Nta ya moto mno hunywea zaidi, maana ina safari ndefu zaidi ya kupoa. Nta iliyopoa mno huganda mara inapogusa kopo, ikaacha mistari ubavuni na mapovu juu. Kwa parafini katika makopo yetu, digrii 75 mpaka 80 zimenifaa. Asiye na kipimajoto na aitoe sufuria motoni, atazame ukingo wa nta. Utando mweupe ukianza kuonekana pembeni, airudishe katika maji ya moto dakika moja mbili hata utando uyeyuke, kisha amimine taratibu, kwa mkondo mwembamba, kopo likiwa limeinamishwa kidogo.

Ya tatu, na hapa wengi huharakisha, ni kupoa kwenyewe. Nimeona vijana wakiweka makopo katika beseni la maji baridi ili wauze siku ile ile. Kwa mshumaa mwembamba hilo si neno. Kwa mshumaa mnene ni kuchimba shimo kwa makusudi, maana ukuta huganda upesi sana wakati kati bado kunachemka. Kinyume chake ndicho kinachofaa. Yapashe makopo joto kwanza, kwa kuyaweka juani au katika maji ya uvuguvugu (yasiingie ndani). Halafu ukiisha kumimina, yafunike kwa boksi la karatasi. Hapa mjini tuna bahati ya joto, lakini alasiri upepo wa ziwani huingia dirishani na kupoza upande mmoja, na mshumaa hutoka umeinama kama kofia ya mlevi. Mimi humimina asubuhi, madirisha ya upande wa ziwa yamefungwa.

Hata ukiyatimiza yote hayo, zile sentimita 55 hazina budi kulipwa. Basi weka akiba: katika kila sehemu saba za nta, ibakize moja sufuriani. Paa likifikia unene wa sarafu, chukua spoki ya baiskeli iliyonyoshwa, utoboe matundu matatu au manne kuuzunguka utambi, ushuke hata ibaki sentimita 2 kufikia kitako. Usiuone huruma uso uliokuwa mzuri. Matundu hayo huruhusu hewa kuingia mahali ambapo pango lingejificha, na baadaye huwa njia ya nta ya pili. Yakijiziba, yatoboe tena. Mshumaa ukiisha kuwa mgumu lakini bado una uvuguvugu, pasha ile akiba iwe moto kidogo kupita mara ya kwanza, kama digrii 85, ili ishikamane na nta ya zamani, kisha ijaze matundu polepole. Ikome unywele mmoja chini ya alama ya kwanza. Ukipita alama, nta hushuka katika mwanya uliopo kati ya mshumaa na kopo, ikauharibu ubavu mzima, na mshumaa ukakataa kutoka.

Kuna hila moja ya viwandani ambayo naipenda kwa werevu wake. Mishumaa mingi ya dukani humiminwa ikiwa imepinduliwa kichwa chini. Kilele chake hukaa chini ya kalibu, kikapata ulaini wa chuma chenyewe, na shimo huja upande wa kitako, ambapo hukatwa au husawazishwa juu ya bati la moto. Nasi twaweza kufanya vivyo kwa kopo lenye kitako laini: litoboe katikati, pitisha utambi, ziba kwa udongo wa mfinyanzi, na mimina. Kitako cha kopo ndicho kitakachokuwa uso wa mshumaa.

Kwa mshumaa unaokaa katika glasi hila hiyo haifai. Huo, baada ya kujazwa mara ya pili, wafaa kupitishiwa pasi ya makaa kwa juu, umbali wa kidole kimoja pasipo kugusa, hata uso uyeyuke unene wa karatasi na kujisawazisha wenyewe. Pasi iwe imepanguswa majivu, la sivyo utauza mshumaa wa madoadoa.

Juu ya nta yenyewe nitasema machache. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Tabora wamekuwa wakiipeleka Ulaya tangu zamani, ina harufu nzuri, lakini ikipozwa kwa haraka hupasuka juu. Hiyo yataka boksi na subira kuliko parafini. Mawese ya Rumonge hayafai yalivyo, kwa kuwa hulainika kwa joto la hapa. Hata hivyo ndani yake mna sehemu ngumu, jamaa ya ile ambayo Mfaransa Chevreul alifundisha kuitenga katika mafuta ya wanyama, akapata hataza mwaka 1825 pamoja na Gay-Lussac. Huitwa stearini, na sehemu moja katika kumi ya parafini huufanya mshumaa kuwa mgumu na mweupe.

Mtakaopenda kwenda mbele zaidi, mtafuteni Michael Faraday. Katika Krismasi ya mwaka 1860 alianza kuwapa vijana wa London mihadhara sita juu ya mshumaa mmoja tu. Alionyesha jinsi hewa inayopanda kufuata mwali inavyopoza ukingo wa mshumaa, ndipo kikombe cha nta hujitengeneza juu yake, na jinsi mishumaa iliyochongwa mifereji ya urembo inavyovuja kwa sababu kikombe chake hakilingani pande zote. Mshumaa uliozama upande mmoja huvuja kwa sababu hiyo hiyo.

Mshumaa ukiisha kutoka katika kopo, uache siku nzima kabla ya kuuwasha, na utambi uukate ubaki nusu sentimita. Mabaki yote ya nta yarudi sufuriani. Yasimwagwe katika bomba la maji machafu, maana na huko nako huganda.