Dondoo muhimu: Kumvizia nzohe dume kutoka kwenye dungu

Kwa wawindaji wa Ajia, Arua na Koboko wanaomlenga nzohe dume kwa upinde kwenye mafunjo ya Nile:

• Kibali kwanza. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inakataza kuwinda bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Hakikisha kibali chako kinataja upinde.

• Pima upepo. Dungu likae mahali upepo unapotoka kwa mnyama kuja kwako.

• Jifunge mkanda wa usalama kabla ya kupanda. Upinde na mishale vivute juu kwa kamba baadaye.

• Wahi. Nzohe hutoka kula alfajiri na jioni. Uwe juu kabla ya saa hizo.

• Tambua dume: ana pembe zilizojipinda, jike hana kabisa.

• Subiri ageuze ubavu. Lenga nyuma tu ya bega, penye moyo na mapafu. Akikukabili uso kwa uso, usipige.

• Ukishapiga, tulia nusu saa ndipo ufuate damu. Ukimkimbiza atajitosa majini na kuacha pua tu nje.

Usipopata nafasi safi, teremka bila kupiga. Mshale ukishatoka haurudi.