DARSA: MAMA ALIYEPATANISHA KOO ZA WAJIR



Katika darsa zetu za huku Kwanza, swali hili hurudi mara kwa mara: Je, mama wa Kiislamu akitoka nyumbani mwake kwenda kutengeneza mambo ya watu, huwa amewapuuza watoto wake? Wako wanaojibu kwa ukali, na ukali huo haukutoka katika Kitabu wala katika Sunna. Umetoka katika mazoea tu. Siku ya Hudaybiya, Masahaba walipozubaa kwa huzuni wasiitimize amri ya Mtume (s.a.w.) ya kuchinja na kunyoa, ni nani aliyempa shauri lililofaa? Ni mkewe, Ummu Salama. Leo basi tumependa kumtaja mwanamke wa zama zetu, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Wajir mwaka 1964, naye alikuwa mama wa watoto wanne. Nchi ile ilikaa chini ya sheria za hatari tangu kupatikana uhuru hata mwaka 1991, na mwaka 1984 ikapatwa na msiba wa Wagalla. Kisha serikali ya Somalia ikaanguka Januari 1991, bunduki zikavuka mpaka, ukame ukaua mifugo, na koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zikapigana. Wote hao ni Waislamu, na kibla chao ni kimoja!

Bibi huyu alisimulia kwamba usiku mmoja wa risasi alijificha chini ya kitanda pamoja na binti yake mdogo, na mamake akamkumbusha kuwa yeye naye alipokuwa mtoto alifichwa vivyo hivyo, katika vita vya miaka ya sitini. Nyanya, mama na mjukuu, vizazi vitatu, na kitanda ni kile kile. Hapo ndipo alipojiuliza kama binti yake naye atakuja kumficha mwanawe namna hiyo. Ewe msomaji, sema wewe: mama anayeuliza hivyo amewapuuza watoto, au amewatazama mbali kuliko sisi?

Mwaka 1992 wanawake wachache wa koo mbalimbali wakaanza kushauriana, na mazungumzo yao yalipata nguvu katika shughuli ya arusi. Hawakuanza na hotuba. Walianza na soko, kwa kuwa sokoni ndiko chuki ilikokuwa imeingia: mwanamke wa ukoo huu hakubali kuuza wala kununua kwa wa ukoo ule, na anayetoka ukoo usiotakiwa hufukuzwa na maziwa yake. Wakatangaza kuwa soko ni la kila mwanamke, wa ukoo wowote. Kisha, na hili ndilo la hekima zaidi, wakaweka wanawake wa kuangalia. Likitokea tusi au kusukumana, khabari huletwa, nao huenda mara moja kulitengeneza kabla wanaume hawajalichukua wakalitia bunduki. Tangazo lisilo na wa kulilinda lingekuwa karatasi tu.

Soko lilipotulia wakawaendea wazee. Kwa adabu, wala si kwa kuwapokonya cheo chao. Mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambaye hakuna wa kumdhania kutaka ukubwa, ndiye aliyesimama kuwauliza wenziwe vita hivi vinamfaa nani. Kutoka hapo yakaja mapatano yajulikanayo kwa jina la Al-Fatah, mwaka 1993. Wakawaendea vijana nao, na vijana wakawauliza swali la haki: tukiweka silaha, tutakula nini? Ikabidi wafanyi biashara waitwe. Mwaka 1995 jambo hili likawa kamati yenye kutambuliwa, ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na wilaya nyingine zikafuata mfano wake.

Alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Lakini sisi wa huku tunamkumbuka zaidi kwa la mwaka 2008. Mashamba ya Trans Nzoia yaliwaka moto katika fitina za mwanzo wa miaka ya tisini, na Mlima Elgon tangu 2006 kwa ugomvi wa ardhi ya Chebyuk. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 ukaiwasha nchi nzima. Bibi huyu, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Majenerali Opande na Sumbeiywo, wakakusanya watu Nairobi kutafuta suluhu. Mwislamu na Wakristo walikaa pamoja, na dini ya mtu haikupungua.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, kama alivyopokea Abu Dardaa, kwamba kupatanisha waliogombana kuna daraja kuliko saumu, sala na sadaka za sunna. Basi na atuonyeshe mwenye kupinga ni wapi katika mafundisho hayo wanawake wametolewa.

Julai 2011, katika njia ya Garissa, gari lao lilipata ajali. Mumewe na dereva wakafa, naye akafuata tarehe 14 ya mwezi huo, kabla ya kutimiza miaka 50. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.