Tramadol na mama anayenyonyesha

SWALI: Daktari, nilijifungua kwa upasuaji Sumbawanga, sasa nimerudi Mwazye. Kidonda kimepona, lakini bado nanunua tramadol dukani. Nisipomeza natetemeka, silali. Nanyonyesha. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kutetemeka huko ni dalili ya mwili uliokwisha kuizoea dawa. Tramadol ni ya ukoo mmoja na mofini. Hutolewa kwa cheti cha daktari. Ini huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, na kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo huenda mbio mno, kemikali ikapita kwenye maziwa. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wanaonyonyesha wasitumie tramadol wala kodeini.

Mtazame mtoto leo. Akisinzia kupita kawaida, akilegea, akishindwa kunyonya au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali, hata iwe usiku.

Usiache vidonge ghafla. Nenda kituo cha afya na pakiti yenyewe (wahudumu wanahitaji kuona miligramu), wakupunguzie dozi kidogo kidogo na wakuelekeze kuhusu kunyonyesha. Kwa maumivu yaliyobaki, uliza parasetamoli au ibuprofeni. Na huyo muuza duka, usinunue kwake tena bila cheti.