Kuitayarisha Picha ya Mashindano kwa Projekta

Mlezi wa Chama aliponiambia niandike somo kuhusu picha niliona haya, maana wengi wenu mlikuwapo ukumbini mwaka jana mkaangua kicheko picha yangu ilipotokea ukutani. Ilikuwa ya babu akisokota kamba chini ya mwembe. Kwenye simu, usiku, chini ya blanketi, ilikuwa safi kabisa. Ukumbini, mapazia yetu mepesi yakiingiza jua la saa nane, uso wa babu ulikuwa giza tupu. "Nani huyo, kivuli?" mmoja akauliza. (Namjua.)

Basi sikizeni. Picha ya dijitali ni vidoti viitwavyo pikseli. Simu niliyotumia hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Projekta ya shule huonyesha 1024 kwa 768 tu, hata milioni moja hazifiki. Vilabu vingi vya Uingereza hutumia 1600 kwa 1200. Kwa hivyo uliza kipimo kwanza, kisha upunguze picha wewe mwenyewe. Ikipungua hulegea kidogo, basi iongezee ukali, lakini kidogo tu.

Picha ya kusimama ndiyo huwatega wengi. Kimo chake hakiwezi kupita 768. Gawanya 768 kwa 4000, upate 0.192, zidisha kwa 3000, ni 576. Basi picha ni 576 kwa 768, na pande mbili zinabaki nyeusi. Usivute upana ati ujaze ukuta! Mtu atageuka chura.

Rangi nazo zihifadhi kwa mfumo wa sRGB, la sivyo huenda zikapauka. Halafu ule mwanga: fungua sehemu za kivuli, hasa nyuso, ila usizidishe, manake anga hugeuka nyeupe pepe. Ukiweza, mwombe mwalimu mjaribu ukutani mchana kabla ya siku yenyewe. Mimi sikuomba.

Kumbe kicheko hakikuwa hasara yangu kubwa. Babu alifariki mwezi wa Aprili. Shangazi akaniambia, "Wewe ndiwe una picha yake nzuri, kaichapishe tuiweke mbele ya jeneza." Nikafungua faili: 576 kwa 768. Nilipoipunguza kwa ajili ya mashindano, niliihifadhi juu ya ile ya asili, kwa jina lilelile. Studio wakaikuza hivyo hivyo, na macho ya babu yakawa miraba miraba. Shangazi hakusema neno. Aliipangusa kioo akaiweka.

Siku hizi, kabla sijagusa chochote, natengeneza nakala na kuipa jina jingine. Mwaka huu naleta picha ya nyanya. Ile ya asili iko kwenye kompyuta ya shule, na nyingine kwenye flashi ya shangazi.