Jiwe Ndani ya Hita: Kutunza Hita ya Nyumbani Penye Maji Magumu



Somo letu la toleo hili linahusu kifaa kilichopo katika nyumba nyingi za mapadre, masista na wageni, na katika nyumba zetu wenyewe: hita ya maji ya kuoga.

Katika parokia moja ya Dodoma, nyumba ya mapadre ilipewa na wafadhili hita ya umeme ya lita 80. Ndani ya miaka miwili elementi yake, yaani kile chuma kinachochemsha maji, iliungua mara tatu. Kila mara kamati ilichukua fedha katika sadaka ikanunua nyingine, na muhtasari wa kikao ukaandika kwamba vifaa vya siku hizi havidumu. Mara ya tatu barua ya kuomba hita mpya ilikwisha kuandikwa, ikisubiri sahihi tu. Ndipo fundi mmoja akauliza, "Chini ya tenki mmewahi kusafisha?" Hakuna aliyejua kwamba husafishwa. Alipofungua, alitoa karibu robo ndoo ya mawe meupe. Hita ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni matunzo.

Maji magumu ni nini?

Wengi huyaita maji ya chumvi, ingawa ugumu wa maji na chumvi ya mezani ni vitu viwili tofauti. Maji ya mvua yakipenya ardhini huchukua gesi ya kaboni dioksidi, yakawa na ukali kidogo, nayo huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyo katika udongo na miamba. Ndivyo ilivyo katika visima vingi vya Dodoma, na pia vya mwambao na Zanzibar vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe.

Maji hayo yakipashwa moto, gesi hutoka na kalsiamu hurudi kuwa jiwe. Ni jiwe la aina ile ile ambalo watu wa pwani huchoma kupata chokaa, na ndilo gamba jeupe mnaloliona ndani ya birika.

Tufanye hesabu. Maji yenye madini hayo zaidi ya miligramu 180 kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Tuseme kisima chenu kina miligramu 300, na nyumba hutumia lita 100 za maji ya moto kwa siku. Kwa mwaka mzima karibu kilo 11 za madini hupita katika hita. Si yote hugeuka jiwe, lakini hata sehemu moja ya kumi ni zaidi ya kilo moja. Jiwe hilo huifunika elementi kama blanketi. Joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji, elementi huzidi kuwa ya moto, na mwisho huungua.

Msiogope kuyanywa kwa sababu ya ugumu wake. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Msichanganye jambo hili na floraidi inayotia meno rangi ya kahawia katika baadhi ya sehemu za Arusha. Hilo ni tatizo jingine, na kuchemsha hakuliondoi.

Jaribio la chupa mbili

Jazeni chupa moja nusu kwa maji ya mvua na nyingine nusu kwa maji ya kisima. Tieni katika kila moja kipande kidogo kilicho sawa cha sabuni ya mche, kisha mtikise. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili. Chupa yenye maji laini itajaa povu. Yenye maji magumu itatoa povu dogo na utando kama maziwa yaliyokatika.

Dalili za hita iliyojaa mawe

- Inanguruma au kugonga kama sufuria ya maharage inayochemka.
- Inachukua muda mrefu kuliko zamani, na umeme unaisha haraka.
- Bomba la maji ya moto linatoka kidogo, la baridi linatoka vizuri.
- Valvu ya usalama inadondoka maji bila kukoma.

Kusafisha kila miezi sita

1. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, na fundi ahakikishe kwa testa.
2. Acheni maji yapoe usiku kucha.
3. Fungeni koki ya maji baridi yanayoingia. Fungueni bomba la maji ya moto bafuni ili hewa ipite.
4. Fungeni mpira kwenye koki ya chini ya tenki, mwage maji nje.
5. Maji yakiisha, fungueni koki ya kuingiza kwa muda mfupi mfupi ili maji yavuruge mchanga. Rudieni mpaka yatoke meupe.
6. Fungeni koki ya chini, jazeni tenki mpaka bomba la moto litoe maji bila hewa. Hapo tu ndipo mwashe umeme. Elementi ikiwashwa bila maji huungua papo hapo.

Mara moja kwa mwaka fundi atoe elementi, ailoweke katika siki au asidi ya ndimu ya unga mpaka jiwe lilainike, kisha aisuuze. Asiigonge kwa nyundo wala kuikwangua kwa kisu. Asitumie asidi ya betri. Wala siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, maana hutoa gesi yenye sumu. Wakati huo atazame pia ufito wa magnesiamu ulio ndani ya matenki mengi ya chuma. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tenki, kwa hiyo ukikaribia kwisha, uwekwe mwingine. Gasketi nayo iwe mpya.

Valvu ya usalama isizibwe kamwe kwa sababu inadondoka. Tenki lisilo na mahali pa kupumulia linaweza kupasuka na kuua.

Joto kiasi gani?

Wekeni nyuzi 60. Likizidi hapo jiwe huongezeka upesi. Likipungua sana, bakteria wanaoleta homa ya mapafu huweza kukua ndani ya tenki. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, basi watoto na wazee wachanganyiwe maji baridi kwanza.

Wenye hita za jua wasafishe alfajiri. Maji baridi yakiingia katika mirija ya kioo iliyopata jua la mchana, mirija hupasuka.

Dawa iko juu ya paa

Maji ya mvua ni laini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la kanisa la mita za mraba 200, penye mvua ya milimita 550 kwa mwaka, hupokea lita 110,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, hubaki lita 88,000. Kwa kuwa Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, tenki la kuhifadhi ni lazima. Yako pia mashine za kulainisha maji, lakini hudai chumvi daima. Kabla ya kuiomba, jiulizeni nani atainunua chumvi hiyo.

Neno kwa kamati na wafadhili

Katika Mathayo 25 mtumishi aliyelaumiwa hakuiba talanta. Aliifukia tu. Hita iliyoachwa ijae mawe nayo ni talanta iliyofukiwa. Tunawaomba wafadhili, mnapotoa kifaa, ulizeni pia nani atakitunza. Na kamati ziweke daftari la matengenezo lenye tarehe, kazi iliyofanyika na jina la fundi.

Maswali ya kujadili kikaoni

1. Hita yetu ilisafishwa lini mara ya mwisho?
2. Tumenunua elementi ngapi, na kwa fedha kiasi gani?
3. Nani kati yetu atashika daftari?
4. Maji ya paa la kanisa letu yanakwenda wapi?